Tamasha likishaondoka, Unguja mjini muziki na sinema tunavipata wapi?

BintiVuga (mleta uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa, hamjambo.

Wiki iliyopita nilipanda daladala ya Mwanakwerekwe, na mbele yangu wamekaa vijana wawili. Mmoja akamwambia mwenziwe: "Mji huu ukishamaliza Busara ungoje ZIFF, ukishamaliza ZIFF ulale." Nimeshuka kituoni kwangu neno lile bado ninalo. Nimeona nilijibu hapa, kwa sababu nusu yake kweli na nusu yake si kweli, na ile isiyo kweli ndiyo inayoniuma.

Nianze na iliyo kweli. Sauti za Busara, tamasha la muziki, tunayo tangu 2004. Kila Februari, kaskazi inavuma na joto limeshika, Ngome Kongwe hujaa mpaka kwenye kuta. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na Februari ile ilipita kimya mpaka wauza urojo wa Forodhani wakawa wanaulizana kulikoni. Mwaka 2021, nchi nyingi zimefunga kumbi zao kwa sababu ya korona, wao walipiga siku mbili na tukaenda. Ninachokipenda zaidi ni sharti lao: anayepanda jukwaani apige na aimbe mwenyewe, hakuna kuwekewa wimbo kwenye mashine ukawa unachezesha midomo tu. Na mwenyeji halipi sawa na mgeni wa Ulaya, kiingilio chake kidogo. ZIFF, tamasha la filamu, ni kaka yake kwa umri, la kwanza lilikuwa 1998, tamasha la nchi za jahazi, yaani za mwambao wa Bahari ya Hindi, na filamu iliyoshinda hupewa Jahazi la Dhahabu. Mwenye kwenda achukue kanga ya kukunja akalie, zile ngazi za Ngome zinaumiza, na filamu nzuri haitaki mtu anayejigeuza kila dakika.

Hayo yote ukiyajumlisha hayafiki wiki mbili za mwaka. Hapo kijana wa daladala kasema kweli.

Sasa ile nusu ya pili. Mie nimezaliwa Vuga, nyuma kidogo ya nyumba ya Culture Musical Club, klabu ya taarab iliyoanza 1958. Utoto wangu wote nimelala nikisikia mazoezi. Si onyesho, mazoezi: fidla zinaanza, mwalimu anasimamisha, zinaanza tena, akodion inaingia mapema, anasimamisha tena. Nyimbo nyingine nilizijua kabla hazijaimbwa mbele ya watu, nazijua mpaka pale zilipokuwa zinakosewa. Na Malindi wana Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya 1905. Elfu moja mia tisa na tano, jamani. Klabu hiyo ilikuwapo kabla ya redio kufika visiwani, imepita masultani kadhaa, imepita Mapinduzi, na kanuni, ile ala ya nyuzi ya kulaza mapajani, bado inapigwa.

Tukumbushane pia taarab ilitoka wapi. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alileta wapigaji kutoka Misri, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim huko huko Cairo akajifunze kanuni. Ulikuwa muziki wa kasri, wa Kiarabu, wa watu wachache. Aliyeushusha ukakaa na sisi ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, akauimba kwa Kiswahili, na 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Kwa hiyo mtu akisema mji huu hauna kitu, namuuliza: umepita Malindi saa ngapi? Umegonga mlango gani?

Maana mazoezi hayana kiingilio. Unapiga hodi, unatoa salamu, unaonyeshwa benchi, unakaa. Mie sijawahi kufukuzwa.

Sinema ndiyo sina la kujitetea. Mama yangu alikuwa mtu wa Majestic, lile jengo la Vuga la 1955, lililojengwa baada ya ukumbi wa mwanzo kuungua. Anazo hadithi za filamu za Kihindi na za Kimisri, na zaidi anazo hadithi za maonyesho ya wanawake peke yao, mchana, mabuibui yamejaa ukumbi, watu wanalia kwa pamoja mpaka mwanzo wa sala ya alasiri. Leo Majestic lipo jengo, sinema hakuna. Empire, karibu na soko la Darajani, imekuwa duka. Mwanangu wa miaka 13 hajawahi kukaa ndani ya ukumbi wa sinema katika mji wake mwenyewe.

Basi nauliza. Mnaokaa mjini, nje ya zile wiki mbili mnakwenda wapi? Klabu gani bado wanafanya mazoezi ya wazi? Nani kaona filamu mahali, skuli, barazani, popote? Tuandikiane hapa tujuane.

---

KijanaWaNgambo

Dada, salamu zimefika. Mimi si yule wa daladala lakini ningeweza kuwa yeye.

Unasema mazoezi hayana kiingilio. Sawa. Ila mlango ambao hujui uko wazi siku gani, kwako umefungwa. Mimi nimekulia Michenzani. Hakuna mtu, si nyumbani si skuli, aliyewahi kuniambia njoo Vuga ukae kwenye benchi. Taarab asilia naijua kwenye harusi za shangazi zangu na kwenye redio, na nikipita Malindi naona wazee wamekaa nje, nasalimia, napita. Sikuwahi kufikiri kwamba wangetaka niingie.

Halafu kuna sisi tunaoimba vitu vya sasa, Zenji flava na mengineyo. Tunarekodi chumbani, godoro ukutani lisaidie sauti. Tukialikwa, tunaimba juu ya biti, si kwa sababu tunapenda. Bendi ni gharama: gitaa, besi, ngoma, kinanda, watu wanne wa kulipa, nauli zao, chakula chao, siku tano za mazoezi, na chumba cha kufanyia hayo mazoezi ambapo jirani hatokuja juu. Hilo sharti la Busara la kupiga laivu nakubali ni sharti zuri. Lakini kwetu linakuwa kama mtihani wa somo ambalo hatujafundishwa. Ukishalikosa mwaka huu, hakuna jukwaa dogo la kujifunzia mpaka mwaka ujao. Ndiyo maana mtu anasema mji hauna kitu. Anamaanisha hauna kitu kwake.

---

Fidla_Pili

Nimesoma mara mbili kabla ya kuandika. Mimi napiga fidla, mwaka wa 19 sasa, harusini, klabuni na hotelini, na nitasema ninayoyajua kwa mikono yangu.

Kijana, ulichosema kuhusu mlango nakipokea. Ni kosa letu. Sisi tunajuana, tunaambiana, tukadhani mji mzima umesikia.

Lakini nataka wasikilizaji mjue chakula chetu kinatoka wapi, maana ndicho kinachoamua muziki gani mnausikia. Kwanza harusi. Mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani kuingia na kila kitu kunyamaza, tunaweza kupiga usiku tatu mfululizo. Kule ndiko muziki wenyewe unakaa. Mwanamke akisikia ubeti unaomgusa, au unaomgusa jirani yake, anainuka na noti yake, anacheza taratibu mpaka mbele, anamtunza mwimbaji, anarudi na kila mtu keshajua kwa nini kainuka. Wimbo mmoja unakwenda dakika kumi na tano, ishirini, na hakuna anayetazama saa.

Ukitaka kusikia wepesi wetu wote usingoje kundi kubwa, tafuta kidumbaki. Fidla moja, sanduku la besi la uzi mmoja, ngoma mbili ndogo za dumbak, vijiti vya mkwasa na cherewa za kutikisa, mwimbaji asiyehitaji kipaza sauti. Kinapigwa uani, kinapigwa kwenye uchochoro, na nyimbo zinaunganishwa moja kwa moja bila kituo, mwendo unapanda mpaka kina mama wanafunga kanga kiunoni. Nimejifunza kupiga fidla kwa kufuata kikundi cha kidumbaki kutoka mtaa hadi mtaa nikiwa na miaka 12, nabeba sanduku. Walinilipa kwa kuniacha nishike fidla wakati wanakula.

Pili hoteli. Hapa ndipo moyo unaponiuma. Nilipiga miaka minne kwenye hoteli moja, sitaitaja. Tuliambiwa dakika 30, nyimbo sita. Hesabuni wenyewe. Nyimbo sita za taarab kwa dakika 30 maana yake unakata beti, unakata vipande vya ala baina ya ubeti na ubeti, unabaki na kiitikio. Bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, ambapo kila ala inaonyesha ilipofikia, ilikuwa ya kwanza kuondolewa. Walisema mgeni anadhani bado tunajaribu vyombo. Baada ya miaka minne nilijikuta klabuni nakata beti bila kuambiwa. Mkono ulishazoea. Nikaacha hoteli ile, na mke wangu akanielewa ingawa ilitukaza mwaka mzima.

Tatu kufundisha. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kimefundisha watu tangu 2002, kwa miaka mingi pale kwenye jengo la forodha ya zamani, Mizingani. Udi, kanuni, fidla, dumbak, na kusoma noti, jambo ambalo sisi wa zamani hatukuwa nalo. Watoto wengi mnaowaona majukwaani leo, wasichana wakiwemo, wamepita pale. Mwaka 2019 ilitangazwa hadharani kwamba kinaweza kufungwa kwa kukosa fedha. Nilikwenda kusimama nje ya mlango wake siku ile, sina la kufanya, nimesimama tu.

Na vyombo vyenyewe, nani anavifikiria? Chumvi ya bahari inakula ndimi za chuma zilizo ndani ya akodion, mtengenezaji wa kweli ni wa kutafuta. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini na masika ikiingia haishiki sauti, kuisawazisha tu ni kazi ya zaidi ya nusu saa kabla hujapiga chochote. Seti ya nyuzi za fidla nikiikosa mjini naagiza Dar, na nikipata mgeni anayerudi kwao namwomba aniachie zake.

Kwa hiyo mji una muziki. Unaishi kwa harusi na kwa watu wenye subira.

---

Maskati_Moyo_Unguja

Nawasoma nikiwa Muscat, ni usiku, na nimelazimika kuinuka kunywa maji baada ya kusoma habari ya Majestic.

Baba yangu Mungu amrehemu alikuwa akisema Jumapili ya Unguja ilikuwa Jumapili ya sinema. Watu walifua na kupiga pasi Jumamosi kwa ajili ya Jumapili. Tiketi za filamu kubwa ya Kihindi zilimalizika dirishani halafu zikaanza kuuzwa nje kwa walanguzi, na kulikuwa na mabwana waliokuwa tayari kulipa mara mbili kuliko kumwambia mke nyumbani kwamba wamekosa. Filamu zenyewe watu walizirudia mpaka wakazijua nyimbo zake, na mtunzi wa taarab alikuwa akitoka mle na lahani kichwani, wiki inayofuata ina maneno ya Kiswahili. Hamuwezi kuzitenganisha sinema na taarab katika mji ule. Aliyeziba moja aliinyima nyingine maji.

Huku wazee wetu bado wanakutana, mmoja ana udi, mmoja ana dumbak, tunaimba zile za Nadi tulizozikuta kwenye kanda. Watoto wetu wanazungumza Kiarabu na Kiingereza, lakini wakisikia kiitikio wanaitikia. Fidla_Pili, kama kuna njia ya kukufikishia nyuzi, watu wanatoka huku kuja huko kila wiki. Seti kumi hazijazi hata mfuko wa kanzu.

---

Mzizima_Mgeni

Mimi wa bara, Dar, Ilala. Naomba niingie kwa adabu kwani mnazungumza mambo ya kwenu.

Nilikuja huko Februari mara tatu, kila mara Busara tu. Mwaka mmoja nikaja Agosti kwa shughuli zangu, nikazunguka Mji Mkongwe usiku mbili natafuta mahali pa kukaa nisikie muziki. Nilipata hoteli na kijana mmoja na gitaa. Nikarudi Dar nikiamini kama yule wa daladala.

Sasa nieleze kwetu ilikuwaje. Bendi za dansi: Msondo wameanza 1964 wakiitwa NUTA Jazz, Mlimani Park, yaani Sikinde, wameanza 1978. Wamepita majina, wamepita wamiliki, wamezika waimbaji wao wakubwa, Gurumo tulimzika 2014. Kwa nini watu wa dansi hawajapotea hata redio ilipowaacha? Mimi nasema ni kwa sababu ya siku. Babangu hakuwahi kusoma tangazo lolote. Alijua Jumamosi bendi yake iko ukumbi gani, Jumapili iko bustani gani, anavaa shati, anakwenda. Akiumwa wiki mbili, ya tatu akienda anaikuta palepale, na meza yake wamemwachia. Ukumbi ukibadilisha siku, nusu ya watu hupotea, hilo tumeliona mara nyingi. Na kumbi zilipoanza kuuzwa na kugeuzwa maghala ndipo bendi zikaanza kuyumba.

Nyinyi klabu mnazo, kongwe kuliko zetu. Siku mnayo? Siku moja, ijulikane, mwaka mzima ukitoa Ramadhani.

---

BintiVuga

Nimekaa kimya siku mbili kwa sababu nilikuwa nafikiri.

KijanaWaNgambo, nisamehe. Nimeandika "umegonga mlango gani" kama mtu aliyezaliwa ndani ya mlango. Ni kweli, mie mazoezi yalinifuata kitandani. Wewe ungeyajulia wapi?

Na Mzizima kanionyesha kitu nilichokuwa nakipita kila siku. Nilipokuwa mdogo siku ilikuwapo! Mtaa mzima tulijua siku za mazoezi, muuza kahawa alijua, anahamishia birika lake pale. Na taarab ya Idi Pili ilikuwa haina haja ya kuulizwa, ulishonewa nguo ukiijua. Siku zikalegea polepole, mpigaji mmoja kahamia hoteli, mwingine ana zamu, mazoezi yakawa "tutapigiana simu". Simu haipigwi kwa msikilizaji.

Nataka niongeze jambo la wanawake, kwa sababu naona limesahauliwa. Onyesho la tamasha linaanza usiku na kundi kubwa linapanda saa tano, saa sita. Mimi nina mtoto, nina mama mzee, naamka alfajiri. Dada zangu wengi hawaendi si kwa sababu hawapendi, ni kwa sababu hakuna kitu cha mchana. Mji huu huu ndio uliomtoa Siti, ndio uliokuwa na Bi Kidude akipiga ngoma ya msondo na kuimba mpaka uzeeni, tuzo ya WOMEX aliipata 2005 na tulimzika Aprili 2013. Tunalo kundi la Tausi, wanawake peke yao, la Bi Mariam Hamdani, wanapiga ala zote wenyewe. Lakini mwanamke wa kawaida wa Kikwajuni anayetaka kukaa na wenziwe saa kumi jioni akasikia wimbo mzima au akaona filamu nzima, atakwenda wapi? Mama yangu miaka ya sitini alikuwa na jibu. Mie sina.

Msiniambie haiwezekani bila jengo. ZIFF wamepeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, turubai na mashine, watu wamekaa mchangani na kutazama mpaka mwisho. Kama inawezekana shamba, itakosekana vipi mjini, penye umeme na kumbi za skuli zinazolala tupu kila Jumamosi?

---

KijanaWaNgambo

Usiniombe msamaha dada, mie mwenyewe nilijibu kwa hasira.

Swali kwa Fidla_Pili, la kweli, silengi kubishana. Nikija na wimbo wangu, maneno yangu, biti niliyotengeneza, watu wa klabu wangekubali kunisikiliza? Au nitaambiwa nikajifunze kwanza nyimbo za 1950?

---

Fidla_Pili

Utaambiwa vyote viwili, mdogo wangu.

Nimezungumza na wenzangu jana baada ya kupiga. Nimewasomea uzi huu kwenye simu, maneno yako yote, hata yale ya kwamba hukufikiri tungetaka uingie. Mzee wetu wa kanuni alinyamaza, akasema nirudie hapo, nikarudia. Tumekubaliana Alhamisi, baada ya Isha, kila wiki. Tukiwa watatu tunapiga tukiwa watatu. Jina la klabu sitaliandika hapa mpaka uongozi utoe ruhusa, anayetaka aniandikie faragha nitamwelekeza.

Ukija, keti na waitikiaji kwanza. Kuitikia ndiko kunakofundisha wapi pa kuvuta pumzi. Wimbo wako lete, lakini lete maneno kwenye karatasi, tuyasome bila biti. Yakisimama yenyewe tutayatafutia lahani. Biti yako usiitupe, tutaisikiliza dumbak inasema nini juu yake.

Ndugu wa Maskati, nyuzi nitazipokea kwa mikono miwili. Uzi wa kwanza na wa pili ndizo zinazokatika zaidi.

---

KijanaWaNgambo

Nimekwenda. Nilikwenda na rafiki yangu mmoja, tulikuwa watu wanane mle ndani pamoja na wapigaji.

Sijui niandike nini kwanza. Sauti. Kwenye spika za harusi taarab ni ukuta, huoni ndani. Mle chumbani niliisikia kila ala peke yake, fidla tatu hazipigi kitu kimoja kama nilivyodhani, moja inatangulia kidogo na nyingine inaipamba. Wimbo wa kwanza ulichukua dakika 14, nilitazama kwa sababu sikuamini. Walisimama mara tano katikati. Mzee wa kanuni alimwambia mwimbaji: neno hilo ulilimeza, aliyeko nje hakulisikia, na shairi lote liko juu ya neno hilo. Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote aliyenirekodi.

Nilikaa na waitikiaji. Niliingia mapema mara mbili, kisha nikaacha kuingia mapema. Maneno yangu walisoma mwishoni. Ubeti wa kwanza walisema una mizani iliyovunjika mstari wa tatu, na walikuwa sahihi. Ubeti wa pili mzee aliurudia kwa sauti, akaupiga kidogo kwa kanuni, mistari miwili tu, akasema Alhamisi tuendelee.

---

Mzizima_Mgeni

Nimesoma hili kwenye mwendokasi, nimepitiliza kituo. Alhamisi ya mwisho wa mwezi nina safari ya boti. Fidla_Pili, nakuandikia faragha.

---

BintiVuga

Mie na mwanangu pia tulikuwapo Alhamisi ya pili, tulikaa kwenye benchi la nyuma. Aliuliza ile ya kulala mapajani inaitwaje, nikamwambia kanuni, akauliza kwa nini hawamfundishi mtu kule skuli kwao. Sikuwa na jibu la kumpa, nimemwandikia mwalimu mkuu barua, nangoja.

Kuhusu sinema. Nimezungumza na mwalimu wa skuli moja ya mjini, ukumbi anao, viti anavyo, Jumamosi saa tisa alasiri mpaka kabla ya Magharibi, wanawake na watoto. Atakachotaka ni sisi tufagie tukimaliza. Filamu tutazitafuta za hapa hapa kwanza, wapo vijana waliotengeneza filamu fupi zikaonyeshwa Ngome usiku mmoja na hazikuonekana tena mjini, nimewaandikia wawili na wote wamekubali kuja kuzungumza na watu baada ya filamu kwisha. Mama yangu keshaniuliza avae buibui lipi.

Shuka jeupe kubwa ninalo, nimelishona mawili yakawa moja na mshono nimeuweka chini usiharibu nyuso. Mashine ya kuonyeshea tumeazimwa kwa Jumamosi mbili za mwanzo. Spika KijanaWaNgambo kasema ataleta zake. Kilichobaki ni waya wa umeme, swichi ya ukumbi iko mlangoni na shuka litakuwa upande wa pili. Mwenye waya wa mita ishirini au zaidi, aliye mjini, aandike hapa chini.